Vitumbua vya Bi Mwaija Havigeuzi Mtu Msukule

Mgeni rasmi, mheshimiwa diwani wetu, shikamoo. Nanyi wananchi mliojitenga na meza ya chakula, tumewaona, karibuni vilevile.

KARIBU

Karibu Mkumbara. Bi Mwaija ametulisha vitumbua tangu tukiwa chekechea, na sasa hapati mteja hata wa kimoja. Tuliomponza ni sisi, ndiyo maana tumekuita.

HISTORIA

Kikundi chetu kilianza na simu ya mwenzetu Hiza yenye kioo kilichopasuka, pamoja na ujinga mwingi. Tukatunga filamu ya kutisha: wasafiri wanapotea kwenye mashamba ya mkonge, wanafika ghala lililoachwa, wanamkuta bibi peke yake. Anawakaribisha vitumbua. Anayekula anageuka msukule.

Tukamwomba Bi Mwaija awe huyo bibi. Nguo za kuigizia hatukuwa nazo, akavaa kanga yake. Chuma cha vitumbua kilikuwa chake. Hata jina hatukulibadili, maana Hiza anasahau majina ya kubuni. Bi Mwaija akacheka, "Haya wajukuu zangu, nitawaroga."

Mvua ikatufungia ghalani siku mbili. Mheshimiwa, misukule wote walilia! Damu yetu ya juisi ya rosela tuliinywa. Vitumbua vya sumu tulivigombania. Bi Mwaija alitupikia mpaka unga ukaisha, mwenyewe akashindia chai kavu. Ndiyo maana msafiri wa mwisho katika filamu anakufa kwa kula kutoka sahani tupu.

MAFANIKIO

Tuliionyesha hapa kijijini kwenye shuka. Misukule tulichekwa mpaka watu wakashika mbavu, hasa mwenzetu Zaidi, aliyejikuna filamu nzima kwa kuwashwa na katani aliyojifunga mwilini. Lakini Bi Mwaija alipofunua sahani akasema, "Kula, mwanangu," hakuna aliyekohoa. Tukapongezana. Kumbe!

CHANGAMOTO

Kesho yake beseni la vitumbua la Bi Mwaija lilirudi limejaa. Watoto wakimwona wanavuka barabara. Tumewaeleza watu kwamba yalikuwa maigizo. Tumekula vitumbua hadharani, wakasema sisi tuligeuzwa zamani. Kwa tunavyoonekana, hatuwalaumu.

Juzi mwenzetu Hafsa alimkuta anawamwagia kuku vitumbua. "Nataka kuacha kupika," Bi Mwaija akamwambia. "Ila nikiacha, watasema ni kweli." Tuliona haya, mheshimiwa. Tuliona haya sana.

MAOMBI

Hatuombi kamera, ingawa tunaihitaji. Sahani iliyofunikwa mbele yako ina vitumbua alivyopika leo. Amekataa kukaa mbele, ndiye yule kule nyuma anayejifanya anafunga kanga. Tunaomba ule kimoja, wewe mwenyewe, usimpe dereva. Tafuna taratibu, wote waone. Kisha mwite kwa jina lake, uombe cha pili.

Mungu akujalie afya na hamu ya kula, akurudishe nyumbani ukiwa bado binadamu.

Ni sisi wenye makosa,
Kikundi cha Filamu Tishio la Mkonge, Mkumbara.