Mzee Nthiwa Musyimi, Aliyeomba Kupitwa Barabarani

Mzee Josphat Nthiwa Musyimi alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957 karibu na Malili, Makueni, siku ambazo Malili ilikuwa duka moja na ng'ombe wengi. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Musyimi Kimeu na marehemu Syokau. Mchungaji ameiomba familia iseme leo kwa upole. Binti yake Kasiva, aliyeandika wasifu huu na anayeusoma, ameahidi kujaribu.

Alisoma hadi darasa la saba, mwaka wa 1972. Shule ilikuwa mbali, na aliwaambia watoto wake mara nyingi kwamba alikwenda kwa miguu, bila viatu, na hakuwahi kuchelewa. Kabla ya kuaga dunia, nyanya Syokau alitoboa siri: alichelewa karibu kila siku, kwa sababu alikaa kando ya barabara akingojea lori la kokoto limpe lifti. Karo ya sekondari ilipokosekana, akajifunza kutengeneza baiskeli.

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na Ndila, msichana wa Kabati, Kitui. Ndila alikataa katakata kuishi Malili kwa sababu ya kelele za malori, basi bwana harusi ndiye aliyefunganya vitu vyake na kumfuata. Watu wa Malili walisema Nthiwa ameolewa. Yeye alicheka tu, akafungua kibanda chake cha baiskeli hapa Kabati.

Oktoba 2008 alinunua pikipiki, mojawapo ya za kwanza hapa. Nusu ya vijana wa steji, kituo chetu cha pikipiki za abiria, walifundishwa naye, akiwemo Kitheka, mwenyekiti wa sasa, ambaye siku yake ya kwanza aliishia ndani ya mbaazi za kanisa. Mwaka wa 2010 marehemu alichaguliwa kuwa mwenyekiti, akaweka sheria moja iliyompa sifa hadi Mwingi. Mwendeshaji asiye na abiria akimkuta mzee anatembea kwa miguu, asimpite. Asimame, ambebe, wala asimlipishe. Atakayempita mzee atafungiwa steji wiki nzima.

Ilikuwa sheria nzuri. Ilihubiriwa hata kanisani. Inafaa msikie hilo kwanza, kabla ya yanayofuata.

Mwaka wa 2017 alipatikana na sukari na presha, na daktari akamwambia atembee kila siku. Alijaribu peke yake. Aliokutana nao walimuuliza nani amekufa, au pikipiki imechukuliwa na benki. Akarudi nyumbani na aibu. Lakini hakuwa mtu wa kushindwa na jambo dogo. Alimwambia Ndila kwamba ukitembea peke yako unaonekana umefilisika, lakini mkitembea wengi mnaonekana mna mradi. Januari 2018 akaanzisha kundi la kutembea. Walitoka lango la kanisa saa kumi na mbili asubuhi, wazee na akina mama wenye presha, magoti na sukari, hadi mtoni na kurudi. Walipiga gumzo njia nzima. Asiyetokea alifuatwa kwake akaulizwa kulikoni. Ndila, ambaye alikuwa amekataa kutembea barabarani sambamba na mume wake kama watalii, alianza kutembea, na presha yake ikashuka.

Shida ilikuwa ile sheria. Kundi halikuwa limefika hata kwenye kinu cha unga kabla pikipiki hazijaanza kusimama.

"Mwaitu, panda," kijana humwambia mama yeyote kwa heshima yote.

"Tunafanya mazoezi."

"Mazoezi utafanya nyumbani. Panda, nisifungiwe steji."

Na kwa kuwa kijana ni mtoto wa dada yako, na kumkatalia hadharani ni kumwaibisha, unapanda. Kundi lilitoka kanisani zima, na nusu yake ilikutwa mtoni imeketi kivulini ikingojea wenzao. Aliyemaliza safari kila siku ni Wamaitha, muuza viatu kutoka Murang'a, kwa sababu hakuwa shangazi ya mtu hapa. Siku kijana mmoja alipomwita shangazi na kumsimamishia pikipiki, Wamaitha alifurahi sana, kisha akakasirika sana.

Marehemu, ambaye alikuwa ameshamwachia Kitheka uenyekiti, alikwenda steji na kusema wazi, "Hiyo sheria niliweka mimi. Leo naitoa."

"Mzee, hiyo sheria ndio inafanya tuheshimiwe," Kitheka akamjibu. "Ukiitoa, watu watasema tumewacha wazazi barabarani kama mbuzi. Na sasa unarudi nyumbani na nini?"

"Na miguu."

"Hapana, mzee. Nzioka, peleka mzee."

Akapelekwa. Alirudi steji mara nyingi miaka iliyofuata na kila mara mkutano ulimalizika yeye akiwa amepakiwa. Wiki yake ya furaha ilikuwa Aprili 2022, mafuta yalipokosekana na pikipiki zikalala. Kundi lilifika mtoni likiwa zima, na mtu aliyeishi kwa petroli miaka mingi aliomba hadharani mafuta yasirudi upesi.

Februari 2024 alipata kiharusi, mguu wa kulia ukalegea. Muuguzi alisema atembee kidogo kila siku, na watu kando yake. Alitoka na fimbo, Ndila upande mmoja, Wamaitha upande wa pili. Kabla ya kona ya kwanza walikuwa wamerudishwa. Aliomba, alikemea, alijificha nyuma ya ua wa jirani hadi pikipiki zipite. Jioni moja alimwambia Ndila, "Nimebebwa kama gunia la mahindi," akalia. Ndila anasema hakuwa amemwona akilia tangu waoane.

Kiharusi cha pili kilimpata mwisho wa Oktoba mwaka huu, na alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, katika hospitali moja mjini Kitui. Daktari hakusema ni lifti zilizomuua, wala familia haisemi hivyo. Inachosema ni kwamba alitaka kutembea, na hakuachwa.

Vijana wa steji wamechimba kaburi hili, wameleta maji na hema, na wamelia kuliko hata ndugu wengine. Hakuna anayetilia shaka kwamba walimpenda. Hilo ndilo linalochosha. Mtu mbaya ungemfokea akaenda zake. Hawa unawafokea, wanakuuliza kama umechoka, kisha wanakupakia.

Juzi familia iliiomba steji iifute ile sheria. Waliketi, wakaomba, wakajadiliana hadi giza likaingia. Kitheka alileta jibu mwenyewe, kofia mkononi: sheria imefutwa, kwa siku ya mazishi tu. Kwa hiyo, kama mambo yamekwenda yalivyopangwa, jeneza limetoka kanisani hadi hapa kwa mabega, na wazee wote wamelifuata kwa miguu bila kusimamishiwa pikipiki. Familia inashukuru kwa siku hiyo moja. Ingekuwa na maana zaidi angeipata akiwa hai.

Marehemu amemwacha mjane wake, Ndila; watoto wake Kasiva, Muthama na Kavindu; wajukuu watano; dada yake Nzisa wa Malili; na kundi la kutembea, ambalo sasa lina watu wachache na linahitaji wengine.

Baba apumzike kwa amani, kazi yake ameimaliza. Mama hajamaliza. Kesho saa kumi na mbili asubuhi atakuwa langoni mwa kanisa pamoja na Wamaitha, na wataelekea mtoni. Vijana wetu, mkimkuta barabarani, msalimieni, kisha mpiteni.