Doa Jekundu la Shangazi

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya kuinamia meza ileile, Shangazi atazima chuma chake cha kulehemu na kustaafu. Karakana nzima tunamwita Shangazi, hata sisi tuliomzidi umri, kwa sababu mkurugenzi wetu ni mtoto wa kaka yake na hajawahi kumwita vingine. Mimi, mpaka rangi wa maboksi ya pedali za gitaa, vile vifaa ambavyo mpigaji hukanyaga kubadili mlio, nimeombwa niandike wasifu huu kwa kuwa, wanasema, sikaukiwi maneno. Nitajitahidi kuwa na adabu.

Aliajiriwa kwa muda tu. Fundi wa zamani aliondoka bila kuaga, na kaka yake, mwanzilishi wa karakana hii, akamwomba amshikie meza mpaka apatikane mtu. Shangazi alikuwa akitengeneza redio nyumbani. Pedali alikuwa hajawahi hata kuikanyaga. Alikuja na koleo lake dogo, kichupa cha rangi ya kucha, na utaratibu tunaoufuata mpaka leo: kifaa kinachotakiwa kikikosekana, fundi huweka kingine cha kusogezea siku na kukitia doa jekundu, ili atakayefungua pedali baadaye akione na kukibadilisha. Kaka yake aliupenda sana utaratibu huo. Akachukua kile kichupa, akapindua kiti cha dada yake na kukitia doa chini, akisema huyu naye ni wa kusogezea siku.

Utaalamu wake ulikuwa diodi, vile vipande vidogo kuliko punje ya mchele vinavyoukwaruza mlio wa gitaa. Weka za silikoni, mlio unang'ata. Weka za kioo za kizamani, unalainika. Weka vile vitaa vidogo vyekundu, unapanda na kupanuka. Kila akibadilisha, Shangazi aliipa spika mgongo na kumtazama mteja mabegani, kwani mdomo, alisema, unaweza kuwa na heshima zake, ila mabega hayajui kudanganya. Mteja mmoja aliyejiona bingwa aliwahi kusifia kwa kirefu badiliko ambalo Shangazi hakulifanya kabisa. Alimshukuru kwa upole, akaenda kucheka stoo.

Lakini siku ambayo hatutaisahau ni ya mwaka huu, na hakuna aliyecheka.

Mpiga gitaa tunayemwita Mzee wa Solo alileta pedali yake ibadilishwe swichi. Mkurugenzi aliishughulikia mwenyewe, akaifunga, ikaenda. Kesho yake mchana Mzee alirudi nayo kwenye mfuko wa plastiki, na nyuma yake kiongozi wa bendi, akichezesha funguo za gari mlangoni. Mlio ulikuwa umekauka. Bendi ilikuwa inarekodi asubuhi iliyofuata, na kiongozi alishasema: mlio usiporudi kabla ya mazoezi ya jioni, solo zote zitapigwa na kinanda. Mzee wa Solo alikuwa hajui kazi nyingine.

Tulikagua swichi, nyaya, betri. Kila mara Mzee alipiga vipande viwili, na kila mara mabega yakashuka. Ndipo Shangazi akamuuliza mkurugenzi amegusa nini kingine. Akajibu kwamba aliona diodi yenye doa jekundu, akaitoa na kuweka mpya ya silikoni, kama alivyofundishwa.

Shangazi aliketi. Pedali ile aliitengeneza yeye mwaka wake wa kwanza. Silikoni zilikuwa zimebaki moja, akang'oa ya kioo kwenye redio mbovu na kuziweka pamoja, pea isiyofanana, akamwambia Mzee arudi mzigo wa silikoni ukifika. Hakurudi. Upande mmoja wa mlio ulikuwa unauma na wa pili unabembeleza, na watu walikuwa wanalipa kiingilio kuusikiliza. Alimweleza Mzee yote hayo mbele ya kiongozi wa bendi, bila kupamba.

“Kumbe,” Mzee akasema taratibu. “Na mimi miaka yote nikidhani ni vidole vyangu.”

“Vidole ndivyo vilivyokataa uirudishe,” Shangazi akamjibu.

Tulijaribu diodi nyingine za kioo. Mabega hayakupanda. Ilibidi ipatikane ileile, na ileile ilikuwa ndani ya kopo la takataka za meza, pamoja na ndugu zake wa miaka mingi. Tulimwaga kopo juu ya karatasi nyeupe, tukainama tukibana pumzi tusije tukaipeperusha. Jicho la mpaka rangi ndilo lililoliona doa, na hilo sitaacha kulisema.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Miguu ya diodi ilikuwa imekatwa karibu na kioo, na kioo cha kizamani hakivumilii joto. Ukizubaa kidogo tu, imekufa, na nyingine hakuna. Tangu mwaka jana mikono ya Shangazi inatetemeka. Hakuwahi kutuambia, nasi hatukuwahi kumwambia kwamba tunaona. Akampa mkurugenzi chuma cha moto.

“Shangazi, mimi siwezi. Nitaiua.”

“Ukiiua tutalia wote. Choma.”

Akaubana mguu wa diodi kwa koleo lake ili chuma cha koleo kilimeze joto, na kwa kuwa mkono haukutulia, akauegemeza juu ya mkono wa mtoto wa kaka yake. Risasi ya kulehemu iliyeyuka, ikang'aa, ikaganda. Wakahamia mguu wa pili. Kisha betri. Mzee wa Solo alipiga kipande kimoja tu, kisha akakipiga tena. Mlangoni zile funguo zilitulia. Shangazi alikuwa ameipa spika mgongo kama kawaida yake, akiyatazama mabega, na machozi yakamtoka waziwazi.

Kabla hatujafunga boksi, alilikwangua lile doa jekundu kwa ukucha mpaka likaisha.

Jana tukipanga viti vya sherehe ya kumuaga, mkurugenzi alikipindua kiti cha Shangazi. Doa la baba yake bado lilikuwepo, limefifia. Alipiga magoti, akalikwangua kwa ukucha, akalipuliza vumbi lake, kisha akakirudisha kiti kwenye meza ileile.

Shangazi, asante kwa kutushikia meza. Tunakuombea afya, usingizi mtamu wa mchana na mikono iliyotulia. Kiti hiki ni chako. Siku yoyote ukipita, ingia ukae.