Papa Paluku Jérémie na Moto ya Mama Christiane

Wachungaji, wazee, majirani wa Naviundu, na ninyi madereva mlioacha kazi leo, karatasi hii naisoma mimi, Kakule, mdogo wake marehemu, kwa niaba ya familia, na ni ndefu kuliko zile mlizozoea, kwa sababu marehemu aliagiza jambo moja lisirukwe, tukabishana naye, akatushinda hata akiwa kitandani.

Marehemu Paluku Musavuli Jérémie alizaliwa Butembo, Kivu ya Kaskazini, tarehe 14 mwezi wa sita 1966. Alisoma shule ya msingi hapo Butembo kutoka 1972 hadi 1978, kisha miaka minne ya umekanika, ambayo hakuimaliza, kwa maana alipenda kulala chini ya lori kuliko kukaa darasani, na mama yetu alilia sana, si kwa sababu ya shule, ni kwa sababu ya mashati.

Aliendesha malori ya wafanyabiashara wa kwetu hadi mwaka wa 1997, wakati Zaire ilipoanguka na watu wenye silaha wakamshusha kwenye lori la patron wake, wakaondoka nalo, naye akafika Lubumbashi tarehe 2 mwezi wa tisa mwaka huo huo akiwa na begi moja na ufunguo wa lori ambalo hakuliona tena. Hapa alimpata Madeleine Ngalula, binti ya Mwalimu Edouard, familia ya Kasai ambayo nayo ilionja ya kwake mwaka wa 1993, ilipolala majuma mengi kwenye stesheni ikingoja treni ya kuwarudisha Wakasai waliofukuzwa Katanga, kisha ikabaki, na baba mkwe alimwuliza kama watu wa Butembo wanajua kucheka au wanajua kuuza tu, Jérémie akacheka amechelewa, akapewa mke hivyo hivyo. Walifunga ndoa tarehe 18 mwezi wa nane 2001, Mungu akawapa Deborah mwaka wa 2002, Michée mwaka wa 2005, na Emmanuella mwaka wa 2009.

Mwaka wa 2008 alipata pikapu yake, na kuanzia 2011 kazi yake ikawa kubeba moto za magurudumu matatu, zile pikipiki za mizigo, kutoka mpaka wa Kasumbalesa hadi hapa mjini, karibu kilomita mia moja. Sheria yake ilikuwa sheria ya wabebaji wote wa njia ile, kwamba kamba peke yake haiaminiki, mwenye moto lazima apande nyuma ya pikapu, akae juu ya kiti cha moto yake, ashike breki safari nzima, na kamba ikilegea agonge paa la kabini mara mbili, dereva asimame. Asiyekubali kupanda, Jérémie hakuwasha injini, na ukimbembeleza alikuuliza kama moto ni yako ama ni ya jirani.

Siku ya Jumamosi, tarehe 23 mwezi wa tatu 2013, alimbeba Mama Christiane Numbi, jirani yetu, mjane, muuza unga, pamoja na moto yake mpya, ambayo ingemtoa katika kubeba magunia kichwani. Njiani simu zikaanza, kwamba Mai-Mai, wapiganaji wa msituni, wameingia Lubumbashi, kwamba risasi zinalia katikati ya mji, na magari yaliyotoka huko yaliwawashia taa warudi, lakini Madeleine na watoto walikuwa mjini, kwa hiyo Jérémie alisimama mara moja tu, kumwuliza Mama Christiane kama anashuka, naye akasema hawezi kuiacha moto yake barabarani. Wakaendelea. Milio ikakaribia, watu wakakimbia kandokando ya lami na magodoro kichwani, Jérémie akaongeza mwendo, na juu ya mashimo ya barabara kamba ya kushoto ikalegea.

Miaka kumi na moja sisi wote tulijua hivi, kwamba kamba ilikatika ghafla, kwamba moto ilipinduka, Mama Christiane akaanguka nayo, mguu wake wa kuume ukakatwa Jumatatu tarehe 25, na kwamba dereva hakusikia kitu. Ni yeye aliyemwinua, akamlaza kabini, akampitisha katika milio ile hadi hospitali, na watu walimsifu, mimi pia nilimsifu, na sifa zile zilikuwa zinamla. Tangu siku hiyo hakumpandisha tena mtu juu ya moto, akawa anafunga kwa mikanda minne, na kila Jumamosi alikwenda kutengeneza moto ya Mama Christiane, ambayo Donat, shemeji wa mama huyo, ndiye aliyeiendesha, wala hakukubali hata chai.

Figo zilianza kumsumbua mwezi wa kwanza 2024. Jumapili, tarehe 3 mwezi wa kumi na moja, akiwa hospitalini, aliomba mlango ufungwe, akatuambia mimi na Madeleine: «Aligonga mara mbili. Nilisikia. Nikakanyaga mafuta.» Akaagiza isomwe mbele ya watu, na jina la mama yule lisifichwe.

Mimi nilikataa, nasema wazi, niliona aibu. Madeleine akasema kama Christiane atasikia haya kwanza kwenye kilio, katikati ya watu, tutakuwa tumemwangusha mara ya pili, na Jumatatu asubuhi akaenda kwake. Mama Christiane aliendelea kuchekecha unga, kisha akasema: «Ninajua. Motokari ilipunguza mwendo, kisha ikakimbia. Nilikuwa nangojea aseme.» Kesho yake alikuja hospitali, wakakaa wawili tu hadi jioni, na waliyosema hatuyajui. Papa Jérémie aliaga dunia Alhamisi, tarehe 7 mwezi wa kumi na moja 2024, saa nne ya asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani wa Naviundu kwa maji, kuni na mikeka, wenzake wa barabara ya Kasumbalesa, na kanisa. Tulitaka kuandika hapa kwamba Mama Christiane amesamehe, ingependeza, lakini alikataa, akasema neno hilo ni lake, hajamaliza kulitafuta, tusimwandikie. Ameketi pale mbele na magongo yake, mmemwona, na ameomba jambo moja, kwamba asipandishwe katika gari lolote, atamsindikiza kwa kutembea hadi makaburini. Basi jeneza litabebwa mabegani, tutakwenda kwa mwendo wake, hata jua likituchoma, na mahali atakaposimama, sisi wote tutasimama.

Papa Jérémie, umeshasema, pumzika sasa kwa amani.