Bwana Ngoja na Asubuhi Zilizokwama

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi wetu wa kompyuta atarudisha ufunguo wa chumba cha seva na kwenda zake nyumbani. Wengi tunamjua kwa jina la Bwana Ngoja, na ameniruhusu nilitumie hapa. Mkewe naye humwita hivyo, anasema, ila kwa sauti nyingine.

Alianza kama fundi wa simu, enzi ambazo hapa mapokezi palikuwa na simu mbili na moja ilikuwa pambo. Barua pepe zilipokuja, akapelekwa kozi fupi, akarudi na kukabidhiwa kile chumba chenye baridi kinachovuma mchana kutwa. Ukipita koridoni utamwona kupitia kioo cha mlango, na sweta lake la kijivu, amefumba macho. Tulidhani analala. Yeye husema anasikiliza feni, na kwamba mashine ikitaka kuugua hubadili pumzi. Sijui kama ni kweli. Meneja aliamini, na hilo lilimtosha.

Jina alilipata mwaka ule ambao barua pepe zilikuwa zikikwama kila asubuhi. Unaandika nywila, kiduara kinaanza kuzunguka, kinazunguka weee, basi. Sisi kwa papara zetu tulibonyeza tena na tena, na kila tulipobonyeza foleni ilizidi. Ndipo alipoanza kupita ofisi hadi ofisi, kikombe cha chai mkononi, akituomba kwa upole: toeni mikono, jamani, ngojeni kwanza. Jengo zima likanyamaza. Tulikaa mikono mapajani tukitazama dirishani. Ni asubuhi hizo nilipogundua kwamba jua huingia mapokezi kwa upande, hupanda mguu wa kiti cha wageni polepole, kisha hutulia ukutani karibu na saa. Mhasibu, mtu ambaye kucheka kwake ni kwa msimu, alikutwa akipiga mluzi.

Lakini kazi zililala na wateja wakaja juu. Lawama zikaangukia sanduku langu la barua pepe, kwa kuwa lilikuwa kubwa kuliko yote. Mimi sikuwa nikifuta kitu. Niseme wazi kwa nini. Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa ofisi hii hii, na kila asubuhi aliniandikia kutoka gereji, mstari mmoja tu. Gari limewaka. Leo chukua mwavuli. Kuna ndizi kwenye droo yako, usimpe mhasibu. Alipofariki niliendelea kusoma mstari mmoja kila siku kabla ya kupokea simu ya kwanza. Meneja, ambaye hakuwa na ubaya wowote, aliagiza sanduku hilo lisafishwe kufikia Ijumaa. Nilitaka kuzichapa zile barua, lakini ili uchape lazima kwanza uingie, na kuingia ndiko kulikokuwa kumekwama.

Bwana Ngoja aliomba aachiwe hadi hiyo hiyo Ijumaa. Hakufungua mashine yoyote. Alianza kutembea, akifuata waya ukutani kwa kidole, taratibu, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kwenye korido iliyopakwa rangi mpya akakuta waya uliopakwa rangi ile ile ya maziwa, unaishia juu ya meza tupu. Hapo ndipo ilipokuwa ikikaa mashine ya zamani yenye kazi moja tu, kuthibitisha majina yetu tunapoingia. Wapaka rangi waliiondoa isichafuke, mtunza stoo akaipokea pamoja na viti vibovu, na hakuna aliyeifikiria tena. Kila asubuhi seva iliiuliza mashine hiyo kama sisi ni sisi, ikangoja jibu, ikangoja, hadi ikachoka ndipo ikauliza kwingine.

Aliitoa stoo akairudisha mezani, kisha akaja mapokezi kunieleza, unga wa rangi ukiwa bado kidoleni. Sanduku langu halikuwa na kosa, na halitaguswa. Nilicheka, kisha nikalia mbele ya wageni, maana na mimi kila asubuhi nilikuwa namsalimia mtu asiyejibu. Hakuniambia nisahau. Alivuta kiti cha wageni akakaa nami mpaka nilipopata sauti ya kupokea simu.

Tangu hapo amehamisha barua zetu mara tatu kwenda mashine mpya, na hakuna hata moja iliyopotea. Ukimsifu kwenye kikao huitikia kwa kichwa, halafu huuliza kama chai ipo. Anasema akistaafu atalala mpaka mjukuu wake amvute sikio.

Mimi humwita shemeji, kama alivyoniita tangu siku mume wangu aliponitambulisha kwake. Ahsante sana, shemeji. Sote hapa tunakuombea afya, nyumba yenye kicheko, na asubuhi ndefu zenye jua la upande.

Utaratibu unasema sanduku lako la barua litafungwa mwisho wa mwezi. Nimekuandikia humo leo, mstari mmoja tu, kama ule wa gereji. Lifungue kabla halijafungwa, na kiduara kikizunguka, toa mikono, utazame dirishani. Mstari utaukuta.