Bolti Iliyo Chini ya Kitambaa

Mheshimiwa Meya, Mama Mwenyekiti wa Chama chetu cha Wapanda Miamba, ninyi mliochanga, na ninyi mliochangisha, ambao najua mlikuwa na kazi ngumu zaidi, vijana ambao kucha zenu bado zina vumbi la jabali, wanangu na mjukuu wangu, na wewe shemeji yangu, uliyechagua kiti cha karibu na mlango kama mtu mwenye geti la kuwahi kulichomelea:

Kabla sijawasalimu sawasawa, niseme nililolificha. Juu ya meza hii kuna sanduku la kioo lililofunikwa kitambaa cha kijani. Ndani yake mna bolti moja iliyokatika, nyekundu kwa kutu, ambayo ninyi nyote mnaijua. Nimealikwa nikivute kitambaa, nipigiwe makofi, kisha sanduku litundikwe ukutani humu ukumbini. Tangu siku nilipoileta bolti hii mbele yenu nimeficha jambo moja kuihusu, na sitakigusa kitambaa mpaka niwe nimelisema.

Mtaniwia radhi nikizungumza nimekaa. Miguu yangu imestaafu bila kuandika barua. Daktari naye ameniambia yale maneno ambayo madaktari huyasema huku wakitazama dirishani, nami nilifundisha kemia maisha yangu yote, nalijua jaribio linapokaribia mwisho. Najua pia kwamba mzee akipewa kipaza sauti wajukuu hutafuta viti vya nyuma. Leo nawaomba mvumilie.

Wageni wetu wameliona jabali leo asubuhi, limesimama wima juu ya bahari, na wameona watu wakilipanda kama wanaopanda ngazi za nyumbani kwao. Halikuwa hivyo zamani. Lilikuwa mahali pa ndege na pa kutupia takataka. Aliyekuwa wa kwanza kuona kwamba pale pana njia ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu, fundi wa kuchomelea mageti. Kwa wasiopanda, nieleze kwa ufupi: mpandaji hubana kamba yake kwenye bolti zilizopigiliwa mwambani, moja juu ya nyingine, ili akiteleza, bolti ya chini yake imdake. Basi mtu wa kwanza lazima aning'inie pale na drili mkononi, atoboe mwamba, aweke bolti, ahamie nyingine. Mtu huyo alikuwa yeye. Chama kilitoa fedha za bolti, yeye akatoa siku zake zote za mapumziko, na watoto wakampa jina la Mjusi.

Mke wangu alikuwa akisimama chini, mikono kiunoni.

“Wewe! Shuka! Mimi nimepika kwa ajili ya watu wazima wanaorudi nyumbani!”

Naye, kutoka huko juu: “Niwekee sahani, dada! Ila usimwachie Mwalimu Asidi aifunike, atakula nyama yote!”

Mwalimu Asidi ndiye mimi. Na nyama, nakiri, nilikuwa nikiila. Lakini hilo silo nililokuja kukiri.

Miaka ikapita. Shule zikaleta watoto wao jabalini, wageni wakaja na mikoba yao, nyumba za kulala zikafunguliwa, na mjukuu wangu akaanza kuning'inia pale kila Jumamosi kama nguo iliyosahauliwa. Na mimi nikaanza kuogopa.

Sababu ya hofu yangu ilikuwa hii. Shemeji aliweka bolti za chuma kisichoshika kutu, za bei kali, na alisafiri mbali kuzifuata. Alifanya lililo bora kwa elimu ya wakati ule. Lakini chuma hicho, kikikaa juu ya bahari, kikala chumvi na joto mwaka baada ya mwaka huku kimebanwa, kina tabia moja ya siri: hakigeuki chekundu. Kinapasuka kwa ndani. Nje kinang'aa kama kijiko cha harusi, ndani kina nyufa kama tope la bwawa lililokauka. Siku moja kinaachia, na hakipigi hodi.

Nikaitisha mkutano katika ukumbi huu huu. Mnaukumbuka? Wengi wenu hamuukumbuki, kwa kuwa mlisinzia. Nilichora ubaoni, nikaeleza chumvi na mkazo na joto. Nikasema tuchange, tung'oe zote, tuweke za titani, chuma ambacho bahari haikiwezi. Bwana mmoja mwenye nyumba ya kulala wageni akasimama, akasema: “Mwalimu, ufa usioonekana ni kama mgeni asiyefika. Huwa hatumpikii.” Mkacheka. Mimi pia nilicheka, maana mzaha ulikuwa mzuri. Kopo la mchango likazunguka, likarudi kwangu na kifungo cha shati.

Nilirudi nyumbani nikiwa na ukweli wote mkononi, na ukweli huo haukuweza kununua hata washa moja ya bolti. Mjukuu wangu akapita uani na kamba yake begani. “Babu, tutaonana jioni!” Je, ninyi mngefanya nini? Nimewauliza, ila msinijibu. Mimi ninajua nilichofanya.

Mkutano wa pili niliuomba mimi. Safari hii sikuleta chaki. Nilileta sahani ya chai, na juu ya sahani niliweka bolti hii, nyekundu, imeliwa na kutu, imekatika shingoni. Nikasema: “Hii ni bolti ya chini kabisa ya njia ya katikati. Nilipanda ngazi kuikagua. Imekatika mkononi mwangu.”

Hakuna aliyesinzia. Sahani ilipita mkono kwa mkono, na kila mkono ulipoipokea niliona uso ukibadilika. Ndipo mama mmoja kule nyuma akauliza, na sauti yake ninaisikia mpaka leo: “Haya madude aliyaweka nani?”

Sote tulijua ni nani. Vichwa viligeuka kimoja baada ya kingine kumtazama shemeji yangu.

Niseme wazi: sikukusudia hilo. Nilikusudia kuwatisha tu. Lakini anayerusha jiwe gizani akasikia mtu akilia, anajua limempata mtu, na mimi nilisikia. Kutu nyekundu ni ushahidi wa chuma cha bei rahisi. Hata mtoto anajua hilo. Mtu akasema, “Kumbe alitununulia chuma cha mageti.” Mwingine akasema, “Na hela yetu ndiyo ile karakana mpya.” Wa tatu akakumbuka kwamba kule juu bolti zinang'aa, na jibu likapatikana hapo hapo: amezipaka rangi.

Shemeji aliomba sahani. Aliishika ile bolti, akaigeuza kichwa, akaigeuza mkia, akaitazama muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. Nilisubiri aseme, “Hii si yangu.” Angesema hivyo, kila kitu kingeporomoka, uongo na mchango pamoja. Aliirudisha sahanini polepole, akasema, “Kama imekatika, imekatika.” Akachukua kofia yake, akatoka.

Nami nilinyamaza, kwa sababu kopo lilikuwa linazunguka, na nilikuwa naliona linajaa.

Sifa zenu hazipunguzwi na uongo wangu. Mliosha magari. Mliuza keki, nyingine ngumu kuliko jabali lenyewe. Wanafunzi walitembea kwa miguu mpaka mji wa pili na kurudi. Mheshimiwa Meya alitoa mchango wake mbele ya kamera, nasi tunaishukuru kamera kwa kuwepo. Mama Mwenyekiti aligonga milango iliyofungwa mpaka ikachoka yenyewe. Leo kila njia ina bolti za titani, na watoto wa watoto wenu watazikuta zikiwa imara.

Lakini nimejiuliza mara nyingi: kwa nini ufa wa kweli haukuwafungua mifuko, na kutu ya uongo ikawafungua? Siwalaumu. Nadhani ni kwa sababu bahari haina uso. Mtu hawezi kuikasirikia chumvi. Mimi niliwapa uso wa kukasirikia, mkakasirika, na mwenye hasira hutoa haraka. Uso huo ulikuwa wa mtu ambaye baadaye alinibebea jeneza la mke wangu.

Mnajua yaliyompata. Wateja wakaanza kupita karakana yake kama wapitao msiba wa wasiyemjua. Walisema, “Ikiwa chuma cha roho za watu amekichakachua, geti langu je?” Hakukanyaga jabalini tena. Na watoto, ambao hurithi maneno yetu kabla ya mali zetu, wakalibadilisha jina lake. Mjusi akawa Kutu. Nimewasikia wakimwita barabarani, nami nikiwa upande wa pili wa barabara na fimbo yangu, nikatazama viatu vyangu.

Msimu huu vijana waling'oa bolti za zamani. Mjukuu wangu ndiye aliyewaongoza. Walizibana kwenye jiliwa, kibanio cha fundi, moja moja, wakazikata, wakakuta niliyoyasema ubaoni: nje mwangaza, ndani nyufa. Zote zilikuwa za chuma kisichoshika kutu. Zote, kama fundi alivyosema tangu alipozinunua, wala hapakuwa na tone la rangi. Mjukuu wangu alikuja kukaa kitandani kwangu na vipande viwili kiganjani.

“Babu, mbona zote zinang'aa, na ile yako peke yake ni nyekundu?”

Hapo mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi, na aliyeushikilia ni damu yangu mwenyewe. Nikamjibu, “Bahari ina mambo yake, mjukuu wangu.” Akaitikia, “Haya, babu.” Baadaye nikasikia mtaani kwamba basi, Kutu alichanganya moja mbovu, na ni bahati ilikuwa moja tu. Uongo wangu ulikuwa umezaa, na mtoto wake alikuwa anafanana nami.

Kilichonileta hapa leo si ujasiri. Ni jambo lililotokea nyumbani kwangu, baada ya daktari kutazama dirisha lake.

Shemeji alikuja kunijulia hali. Alibisha hodi, akaniuliza kama nimekula, akaniambia nimekonda kama sindano ya kuchomelea. Alikuwa na mfuko wa zana, ingawa sikumwita kwa kazi yoyote. Akasema, “Pumzika, shemeji, mimi nazunguka nyuma kidogo.” Nikasikia drili. Nilijikokota na fimbo mpaka mlango wa uani.

Alikuwa amesimama penye ukuta ambapo mke wangu alikuwa akifunga kamba yake ya kuanikia nguo. Upande mmoja wa kamba ile ulikosa mahali pa kufungiwa muda mrefu kabla mke wangu hajafa. Alikuwa ameufunga kwenye nondo za dirisha, chini mno, mashuka yakawa yanaburuta, na kila siku ya kufua alikuwa akinung'unika. Shemeji alikuwa ametia bolti mpya kwenye tundu la zamani. Alikaza spana, akaivuta kamba, akaipiga kwa kidole ikalia kama uzi wa gitaa.

“Dada alilalamika sana kuhusu mashuka haya,” akasema.

Nikasema, “Alilalamika.”

Akapangusa mikono. Hakunitazama. “Tundu hili nililitoboa mimi, wiki mliyohamia hapa. Fundi hasahau tundu alilotoboa, wala alichokitia ndani yake.”

Kisha akauliza kama nina chai.

Tulikunywa chai. Aliosha vikombe, akaenda zake. Alikuwa amejua tangu siku ile ya sahani. Aliishika bolti, akaitambua, akanitazama, akaamua kwamba dada yake asionekane mke wa mwongo mbele ya ukumbi mzima, na kwamba watoto wapate titani yao. Aliilipia titani hiyo kwa jina lake. Ninyi mlitoa mlichokuwa nacho mfukoni. Yeye alitoa kitu ambacho hakina duka la kukinunulia tena.

Nina maombi mawili. Sanduku hili lisitundikwe ukutani. Pale ulipopigwa msumari wake, pawekwe moja ya bolti zile zinazong'aa, iliyokatwa, ili mgeni auone ufa na ajue kwamba kosa lilikuwa la chumvi. Na njia ya katikati irudishiwe jina la aliyeitoboa. Mjukuu wangu, ukilipaka jina hilo pale chini ya jabali, lipake kwa herufi kubwa: Mjusi.

Shemeji, usitoke bado. Siombi unijibu. Nimekukosea mbele ya watu, nami nimetaka kukutaka radhi mbele ya watu hao hao, ningali na pumzi za kuyafikisha maneno mlangoni ulipo.

Ninyi wengine, ahsanteni kwa kunipa masikio yenu mpaka hapa. Nawarudishia sasa, yakiwa na neno moja zaidi. Binti yangu, nisaidie kukivuta kitambaa.

Bolti hii haijawahi kugusa jabali; ile ya kweli ya njia ya katikati niliing'oa mwenyewe nikaitupa baharini. Niliifungua kwa spana kutoka ukuta wa uani kwangu, mke wangu akiwa sokoni, nikaibana kwenye jiliwa na kuikata kwa mikono yangu miwili. Ilikuwa ya kamba yake ya kuanikia nguo.