Mpangaji wa Baba Jane

Kijiwe chetu kiko Katandala, ukutani mwa duka la Mahmud, pale jua la asubuhi linapofika mapema. Baridi ya Ufipa mnaijua. Mtu akikosa jua anatafuta kahawa, na kahawa anayo Mzee Abdala, birika moja na vikombe vya kuzungushana. Mwenye benchi, kwa mabavu tu, ni Kasimiri. Tunamwita Mkoa kwa sababu maisha yake yote alikuwa dereva wa ofisi za serikali mikoani, Tabora, Dodoma, kisha akarudi kustaafu hapa. Pembeni yake anakaa Nestory, Redio, ambaye habari humfikia kabla haijatokea. Sabufa ni bodaboda. Sauti yake inasikika hata pikipiki ikiwa imezimwa. Na mimi huwa nipo.

Nyumba ya Mkoa inatazamana na benchi. Chumba cha uani alikuwa anakaa Angela. Huyu mama alivuka ziwa kutoka Kongo wakati wa vita, akashukia Kasanga na nguo alizovaa, akapanda juu huku akitafuta kibarua. Miaka mingi alilima ulezi kijijini Msanzi pamoja na akina mama wa kule, na Kifipa kikamwingia kama aliyezaliwa nacho. Mjini alikuja baadaye, akawa anauza migebuka ya kukaanga, samaki wa ziwani, pale sokoni. Kiswahili chake kilikuwa cha ng'ambo. Alisema “batoto”, alisema “mutu”, na Sabufa hakuchoka kumwiga.

Mle ndani alikuwemo pia mama yake Mkoa, Bibi Avelina. Mumewe alipofariki, Mkoa alimtoa Msanzi akamleta mjini. Bibi ana Kiswahili cha kusali na cha kusalimia, basi. Mke wa Mkoa ni Mgogo, na watoto walikua na Kiswahili peke yake, kwa amri ya baba yao. Alisema Kifipa kitawachelewesha shule. Hata yeye, mama yake akimwambia jambo kwa Kifipa, anajibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu, kama anaongea na kiziwi. Kwa hiyo mtu aliyeongea na yule bibi alikuwa Angela. Jioni walikaa jikoni wawili, wakipeta mtama na kucheka, na sisi tulio benchini tuliwasikia.

Maneno yalianza siku lilipopita gari la matangazo, likisema wananchi watoe taarifa za wageni wanaoishi bila kibali. Redio hakungoja hata gari likate kona. Alisema anajua kwa uhakika kwamba Wakongo wanatumwa. Nani anawatuma, hilo angetuambia siku nyingine.

– Mgeni siku mbili, alisema. Siku ya tatu mpe jembe. Sasa tumewapa jembe, si ndiyo wamepata shamba?

Sabufa akaongeza kwamba hawa watu wana dawa za ziwani. Kuna mshikaji wake wa kule Mazwi alinunua samaki kwao, akasahau jina la mke wake. Redio akasema hiyo ni kidogo, kwamba lugha yenyewe ndiyo mtego: wanaharibu Kiswahili taratibu, watoto wetu wakishaanza kusema “batu”, mpaka wa nchi utakuwa umehama bila mtu kuhamisha jiwe. Mzee Abdala aliwakumbusha kwamba babu yake mwenyewe alifika hapa na mzigo wa chumvi, hajui neno la Kifipa, na hakuna aliyemuuliza kitu. Redio akamwambia hiyo ilikuwa zamani, na mkono mtupu haulambwi. Hatukuelewa ilihusu nini, lakini tulicheka.

Mkoa hakucheka. Aliyesemwa alikuwa analala uani kwake, akipika kwa kuni zake, na macho yote yalikuwa yanamgeukia yeye. Akakohoa, akatoa maneno ya ofisini. Taifa ni lugha, alisema. Ukikisikia Kiswahili cha mtu, umekiona cheti chake. Halafu akamalizia: mwacha mila ni mtumwa. Nilimtazama. Aliyasema hayo bila kupepesa macho, yeye ambaye watoto wake hawawezi kumwomba bibi yao maji.

Maafisa walikuja wiki ile ile, wawili, vijana wapole. Nani aliwapigia sijui, na Redio akiulizwa siku hizi anaangalia viatu vyake. Walituamkia vizuri, shikamooni wazee. Wakamuuliza Mkoa kama mama anayekaa uani kwake anamfahamu.

Angejibu mengi. Angesema ni mtu aliyemwogesha mama yake alipovunjika nyonga. Angesema huyu ndiye aliyekwenda naye hospitali, akamweleza nesi mahali panapouma, kwa sababu Mkoa mwenyewe alikuwa kwenye kikao cha ukoo na nesi alikuwa mgeni wa Pwani. Na kama angesema hivyo, sidhani kama kitu kingebadilika. Kibali hakikuwepo, na sheria ni sheria. Lakini lingekuwa limesemwa.

– Ni mpangaji tu, alisema Mkoa. Alikotoka sijui.

Angela alikuwa amesimama mlangoni na mwiko wa uji mkononi. Alisikia. Walipomuuliza ametoka wapi hakuficha, akataja kijiji chake cha ng'ambo. Wakamwambia achukue vitu vyake. Aliingia akatoka na furushi. Akageuka kwa Mkoa.

– Baba Jane, alisema, mimi niko mutu wa nyumba yako.

Mkoa aliomba kahawa. Mzee Abdala hakummiminia.

Bibi Avelina alisikia sauti za wanaume akatoka, ameshika ukuta. Akauliza kwa Kifipa kuna nini. Angela akaweka furushi chini nyuma yake ili lisionekane, akamjibu kwa Kifipa, taratibu. Sabufa hakuelewa, wale vijana hawakuelewa. Mimi nilielewa, na Mkoa alielewa. Angela alimwambia bibi anakwenda sokoni, leo samaki wengi, atachelewa kidogo. Akamwambia uji usipoe. Kisha akaondoka nao kwa miguu mpaka barabarani lilipokuwa gari, na hakutuangalia.

Tangu hapo bibi alikaa mlangoni akimngoja. Mkoa aliacha uongo ule uendelee, kwa kuwa hakuwa ameutunga yeye. Bibi akimuuliza, alisema kwa Kiswahili, atakuja mama, atakuja. Alipelekewa chakula akakitazama tu. Mke wa Mkoa alijaribu kukaa naye jikoni, lakini wataongea nini? Tukasikia jiko limenyamaza. Benchini tulihamia kwenye mpira. Redio alileta nadharia kwamba goli la juzi lilinunuliwa, akaipamba kadiri alivyoweza, na hakuna aliyemkatiza.

Ndipo Jane akaja. Ni binti yake Mkoa, anasoma ualimu Mbeya, alikuwa amefika likizo jana yake. Alivuka barabara akiwa amejifunga kanga ya mama yake, akatuamkia mmoja mmoja, tukaitikia marahaba. Sabufa akasogea ampishe, hakukaa. Alisema bibi hajala tena, na amemshika mkono tangu alfajiri akimwambia kitu kile kile. Jane anasikia jina la Angela tu. Mama yake ameshamweleza yaliyotokea, na anaona si haki mtu mzima kuachwa mlangoni akingoja asiyekuja. Anataka amwambie ukweli mwenyewe. Amejitahidi kuunganisha vijineno alivyoviokota, lakini kuna kimoja hana.

– Baba, aliuliza, “mhamiaji haramu” kwa Kifipa wanasemaje?

 Nikamwona Mkoa analitafuta, na mimi nikalitafuta, maana Kifipa nilikinyonya. Neno la mgeni tunalo. La mwizi tunalo, la adui tunalo, hata la mtu aliyefukuzwa kijijini kwa ubaya wake. Redio, ambaye mama yake ni wa Msanzi, aliinamisha kichwa. Jane alitungoja kwa adabu. Alidhani tunakumbuka.

Mzee Abdala alitikisa birika, likalia tupu. Akakusanya vikombe akaenda zake.

– Au niseme tu amefukuzwa? aliuliza Jane. Maana ataniuliza kwa kosa gani.

Akavuka barabara, akarudi nyumbani bila neno lile. Mkoa alibaki ameketi, anatazama mlango wa nyumba yake. Jua lilipanda likaondoka kwenye benchi, baridi ikarudi, na hakuinuka.