Shangazi wa Akiba

Benchi lenyewe lilikuwa la kanisa, ila kanisa la uongo. Lilichongwa kwa mbao nyepesi kwa ajili ya mchezo mmoja wa kuigiza uliokufa wiki ile ile ulipozaliwa, na badala ya kupasuliwa kuni likatupwa nje ya mlango wa wasanii wa ukumbi mmoja wa maigizo, kwenye uchochoro wa pembeni ya Broadway, na hapo ndipo lilipopata waumini wa kweli. Kila Jumatano, kati ya onyesho la mchana na la usiku, muda ambao hakuna mtu wa ukumbi ule anayejisumbua kurudi kwake, watatu walikaa pale na kahawa yao. Waliitana kwa majina ya utani: Askofu ni mzee Tierney, mlinzi wa mlango, aliyefukuzwa seminari ujanani na tangu hapo hajaacha kuhubiri. Kamba ni Feinman, anayevuta kamba za kupandisha na kushusha mandhari ya jukwaani. Tarumbeta ni Carbone, na kazi yake imo ndani ya jina lake. Jumatano hii walikuwa wanne, kwa sababu Bernadine Kessel aliketi katikati yao na mzigo wake moyoni.

Yeye walimwita Akiba. Ukumbi ule ulikuwa mwaka wa pili ukionyesha mchezo wa nyimbo na vichekesho kuhusu shangazi asiyejua hata kuchemsha yai, aliyeachiwa yatima na kaka yake, akamlea kwa karamu na ngoma hadi jaji akamkabidhi moja kwa moja. Bernadine alijua kila neno la shangazi huyo, lakini yeye alikuwa mwigizaji wa akiba. Kila usiku alikaa ghorofani akingoja nyota wa mchezo apatwe na homa, na yule mama hakuwahi hata kupiga chafya. "Akiba haiozi," walimwambia, naye alicheka, ingawa kuna siku ilimchoma. Kisha kaka yake wa kweli na mkewe wakafa kwa ajali ya gari wakamwachia Rosalind, binti wa miaka tisa. Alichokingoja jukwaani kikamfuata nyumbani, bila muziki.

Na sasa kulikuwa na kesi Ijumaa. Mjomba wa mtoto, mtu wa Connecticut mwenye nyumba na bustani, alikuwa amepeleka maombi mahakamani akabidhiwe yeye, akidai kwamba mtoto halelewi nyuma ya pazia la jukwaa. Bernadine alimtaka Rosalind kuliko alivyowahi kutaka jukwaa, na alikuwa hajapata usingizi wa maana wiki nzima.

— Ijumaa usiingie kama mtu aliyekuja kulipa bili ya umeme, Kamba alimwambia. Ingia kwa kushuka ngazi, kama nyota.

— Chumba cha jaji hakina ngazi.

— Nje zipo. Panda, halafu ushuke.

Tarumbeta alimpuuza. Yeye alishikilia kwamba mambo yote yameshaelezwa katika sehemu ya pili ya mchezo: wanapofika kwenye kiitikio, jaji hulegea. Mwaka wa pili huu anakipiga kiitikio hicho na hajaona jaji aliyehimili. Bernadine akamkumbusha kwamba jaji huyo ni Harold, ambaye hulipwa kwa wiki ili alegee.

— Kwani wa kweli hawalipwi? Tarumbeta akamjibu.

Askofu alikuwa akimtafakari mjomba.

— Mtu mwenye bustani ana mashine ya kukata nyasi, alisema. Mtoto atakua anasikiliza mashine. Ndiyo maana wahenga wakasema, wapiganapo tembo nyasi huumia.

— Tembo ni nani hapo, mzee? Bernadine aliuliza.

— Mjomba.

— Na anapigana na nani?

Askofu akanywa kahawa taratibu.

— Na nyasi, alisema.

Mashindano yakapamba moto. Kamba akaapa kwamba maofisa wote wa kodi wa nchi hii walilelewa kwenye nyumba zenye bustani, ndiyo maana hawana huruma. Akataka kundi zima la wachezaji wapelekwe mahakamani na sketi zao wajaze viti, maana penye wengi hapaharibiki neno. Tarumbeta akasema yeye atajificha nyuma ya bendera ya taifa, na jaji akikunja uso tu, apige.

Mwisho wakaamua kufanya mazoezi, kwa kuwa watu wa kazi hii hawajui kulikabili jambo bila mazoezi. Askofu akajifunika kitambaa cha mezani mabegani akawa jaji, akauliza mtoto anakula nini. Bernadine akasema kweli: supu ya mkahawa wa ng'ambo ya barabara, na Jumapili mayai. Kamba akamkatiza. Jibu limelala, alisema, halifiki viti vya juu. Wakamrudisha mara hii na ile, mpaka mkono wake ukapanda kiunoni na nyusi zikainuka, na sauti iliyotoka ikawa ya yule shangazi wa mchezoni. Wakapiga makofi. Bernadine akahisi nafuu, kwani nafasi hii angalau aliimudu.

Hapo akatokea mama mmoja mwenye koti la kijivu, akaomba kukaa. Kila Jumatano walikuja watu kungoja saini ya nyota, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza zaidi. Askofu akammiminia kahawa. Wale watatu, walipopata mtazamaji mpya, wakawaka.

— Unamwona dada huyu? Kamba alisema. Ana mtoto mwenye bahati kuliko wote mjini hapa.

Wakampa habari zote. Tarumbeta amemfundisha mtoto kupuliza. Askofu amemfundisha kutukana kwa Kilatini, matusi ya heshima tu. Ndani ya mlango huu, walimweleza, huzuni haina ruhusa. Uso wa mtoto ukianza kushuka, aliye karibu huinuka na kumfanyia kichekesho. Siku ile ile ya mazishi wachezaji sita walifika nyumbani kwa Bernadine na manyoya kichwani, wakacheza jikoni hadi mtoto akacheka. Bernadine aliitikia kwa kichwa. Aliyewaita ni yeye, na mpaka leo alijivunia.

— Tangu wazazi wake wazikwe, Kamba alisema, hajaacha kucheka.

Yule mama alikizungusha kikombe chake mkononi.

— Na kulia, amelia mbele ya nani?

Tarumbeta akafungua mdomo, akamtazama Askofu. Askofu akamtazama Kamba. Kamba akaanza kukagua sugu za viganja vyake. Kila mmoja alidhani mtoto amelia kwa mwenzake. Askofu alitafuta methali, hata ya kuazima, akakosa.

Bernadine alitafuta pia. Aliikumbuka siku ya mazishi, mtoto amemshika mkono, macho hayako kaburini bali usoni kwa shangazi yake, akimchunguza. Akakumbuka kwamba yeye mwenyewe hajamlilia kaka yake mbele ya mtu yeyote.

— Naitwa Lathrop, natoka mahakama ya watoto, mama yule alisema. Nilipanga kuja kwako kesho, nikaona nipitie hapa leo. Sikuuliza ili kukutega, Bi Kessel. Mjomba wake nimemuuliza swali hilo hilo.

— Alijibuje?

— Alisema nyumba ina vyumba sita.

Bernadine akasimama. Askofu alimkumbusha kwamba wito wa nusu saa kabla ya onyesho u karibu na hajaweka saini kwenye daftari la mahudhurio, lakini alishapita mlango.

Rosalind alikuwa chumba cha mavazi, amekaa sakafuni kati ya marundo ya sketi akichambua vifungo. Alipouona uso wa shangazi yake aliinuka mbio. Akachomeka unyoya nywelani, mkono kiunoni, nyusi juu, akaanza kuimba kile kiitikio cha mahakamani, na macho yake hayakumwacha Bernadine, yakitaka kuona kama dawa inafanya kazi. Bernadine akaelewa, na kuelewa huko kulimuuma kama jino. Huyu mtoto alikuwa kazini. Alikuwa jukwaani tangu siku ya mazishi, na hakuna aliyempa hata usiku mmoja wa mapumziko.

Akapiga magoti.

— Basi, mwanangu. Leo hakuna onyesho.

Rosalind aliimba mistari miwili zaidi, kwa sababu amefundishwa kwamba wimbo hauachwi katikati. Wa tatu aliuacha njiani. Bernadine akamvuta, akaanza yeye kulia kwanza, kwa kelele, vibaya, bila ufundi wowote wa jukwaani, na mtoto akamfuata.

Dirisha la chumba cha mavazi linatazama uchochoroni. Pale benchini sauti iliwafika yote. Bi Lathrop alinyoosha kikombe, Askofu akakijaza. Kamba alishika ukingo wa benchi kama mtu anayetaka kusimama, Tarumbeta akamwekea mkono gotini, na hakuna aliyeinuka kwenda kumchekesha mtoto.